Mpaka Sufuria Ikauke

Sikupata kumwona akiitazama bahari. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wakisikia kwamba alishinda maisha yake diko la Mkoani, pwani vinapofikia vyombo vya bahari, hudhani alikuwa mtu wa kutupa macho mbali. Macho yake yalikuwa sakafuni mwa chombo. Akiingia chomboni, hata kiwe cha mtu mwengine, aliinama kwanza, akatia vidole chini ya mbao za kukanyagia, akavitoa na kuvitazama kama vimelowa. Baada ya hapo ndipo alipotoa salamu. Wenye vyombo walikuwa wakichukia.

"Fundi, umeingia kwetu au umekuja kutukagua?" mmoja alimwuliza mbele yangu.

"Nimeingia," alijibu. "Na maji nayo yameingia."

Alikuwa fundi wa mashua ya zahanati. Mashua yenyewe ilikuwa ya aluminiamu. Ilishushwa Mkoani kutoka melini mwishoni mwa miaka ya hamsini, ili ipeleke dawa na kuleta wagonjwa kutoka visiwa vidogo vilivyo mbele ya bandari. Diko zima lilikuja kuitazama. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza muhogo wa kuchoma aliigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Hii si sufuria hii?" Tangu siku hiyo ikawa Sufuria, hata midomoni mwa wakubwa wa ofisi, na yeye aliyekabidhiwa akawa Fundi Sufuria. Waliompa jina hilo walikuwa wakalafati, mafundi wa kuziba vyombo vya mbao kwa pamba na mafuta ya papa. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao kabla ya kukubali mshahara wa serikali, na jina lile lilikuwa adhabu yao kwake. Mimi nilimwita Fundi tu. Nilikuwa nikifanya kazi zahanati, kufunga vidonda na kutia watu dawa ya macho, na kila wiki nilivuka na Sufuria kwenda Makoongwe.

Makoongwe si mbali. Ukisimama diko unaiona minazi yake, na asubuhi unaona moshi wa majiko. Huko ndiko alikokuwa mkewe, Bi Mize, nyumbani kwa babake. Hakuwa amepewa talaka. Alikuwa amekwenda kwao kwa hasira, na kwa desturi yetu mke aliyekwenda kwao kwa hasira hukaa huko mpaka mumewe amfuate, apige hodi, aingie, na aseme la kusema mbele ya wazee wa mke. Fundi alivuka nasi kila wiki, ameketi tezi, nyuma ya chombo, na upo wake wa kufulia maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Tukifika Makoongwe sote tulishuka isipokuwa yeye. Hakutia mguu mchangani hata mara moja. Alibaki akifua maji ambayo mara nyingine hayakuwapo.

Kwa muda wote niliomjua, hilo ndilo lililonishughulisha: atashuka au hatashuka?

*

Lazima nieleze kazi yake, kwa sababu bila ya kazi hiyo mambo mengine yote hayatafahamika.

Mabamba ya mashua ile yalishikanishwa kwa ribiti, vijiti vifupi vya aluminiamu vilivyopitishwa tunduni na kupondwa kichwa pande zote mbili. Kila ribiti ni tundu lililozibwa. Chombo kikipigwa na mawimbi mabamba hucheza, ribiti ikalegea, na maji yakapata njia. Chombo cha mbao ukikitia majini mbao hunywa maji, huvimba, na nyufa nyingi hujifunga zenyewe. Aluminiamu haivimbi. Fundi alikuwa akisema, "Mbao hukusaidia. Hili halikusaidii, linakutazama tu." Alilisema hilo mara nyingi mno, kila mara kama mtu aliyeligundua asubuhi ile.

Namna yake ya kutafuta tundu ilikuwa kinyume na ya wengine. Wengi hukaa ndani ya chombo kikiwa majini, wakangoja kuona maji yanapoingilia. Yeye aliipandisha Sufuria juu ya magogo ya mnazi, akaifuta nje mpaka ikakauka kabisa, kisha akaijaza maji kwa ndani. Akachukua majivu laini ya jikoni kwenye kitambaa, akaipapasa nayo chini nzima, akiwa amelala chali. Baada ya muda mfupi majivu yakaanza kuingia weusi hapa na pale, doa kama punje ya mtama. Alizungushia kila doa duara la mkaa. Akitoka chini alikuwa na majivu nyusini na ndevuni, na watu waliopita walimcheka. "Fundi, leo umekuwa mzee."  Yeye alikuwa akiyatazama maduara yake.

Tundu dogo alilikazia ribiti mpya. Penye ufa aliweka kiraka, na chini ya kiraka kitambaa kilicholoweshwa rangi nzito. Viraka alivikata kwenye sufuria kuukuu. Alipita majumbani akiomba sufuria zilizotoboka, na wanawake walimpa wakicheka. Safari moja tulimchukua mama mmoja mwenye jipu mguuni. Alipoinama kupanga kanga yake aliona kiraka penye ubavu.

"Wallahi hii sufuria yangu! Si hii niliyounguzia wali wa Idi? Lile doa lile!"

"Basi keti hapo, bibi," Fundi alisema bila kuinua uso. "Uko kwako."

Nahodha wetu alicheka mpaka akapoteza njia. Ni moja katika mara chache nilizomsikia Fundi akifanya mzaha, na hata yeye alionekana kushangaa kwamba umemtoka.

*

Alikuwa na mambo yake. Msikitini aliswali safu ya mbele, lakini watu walipogeuka kupeana mikono alikuwa keshafika mlangoni. Akipata samaki aliwagawa mpaka akasahau kujiwekea, na ukimwalika kwako kula alisema tumbo linamsumbua. Kibanda chake pembeni mwa diko kilikuwa na jiko moja, kitanda kimoja na vikombe viwili. Alivisafisha vyote viwili kila jioni, ingawa alikunywa kwa kimoja. Nilipokwenda kumtazama alininywesha chai kwa kifuniko cha birika. Mara ya kwanza nilidhani ni usahaulifu.

Alijua maji kuliko mtu yeyote. Nahodha hakuwa akitazama pwani wala mwezi. Alisema tu, "Fundi, maji?" na Fundi, kichwa kikiwa ndani ya chombo, alijibu, "Yanakupwa. Ukingoja adhuhuri utaburura," au, "Nenda sasa, yatakuwa tele mpaka alasiri." Wavuvi wa madiko mengine walituma watu kumwuliza. Hakupata kukosea, na hakupata kutazama.

Ile ilikuwa miaka ambayo watu walianza kuulizana chama kabla ya kuulizana hali. Watu waliacha kuzikana, wakaacha kununua duka moja. Siku moja kundi la vijana lilimzunguka Fundi likitaka ataje upande wake. Aliinua upo. "Mie nafua maji," alisema. "Nyinyi chama chenu kinafua maji?" Wakamwacha. Upande mmoja ulimhesabu mwoga na upande wa pili ukamhesabu mjanja, na pande zote mbili zikapunguza kumsalimia.

*

Kupiga ribiti ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa nje na nyundo. Wa pili hukaa ndani, amekikandamiza chuma kizito juu ya kichwa cha ribiti, ili pigo la nje lipate pa kukomea. Bila ya mtu wa ndani, ribiti hurudi nyuma na kazi ni bure. Wawili hao hawaonani, bamba limewatenga. Huzungumza kwa kugonga: wa ndani hugonga mara moja, maana yake nimekinga, wa nje hupiga, akimaliza hugonga mara mbili kwa wepesi, maana yake twende inayofuata.

Mtu wa ndani alikuwa Bi Mize. Jambo hilo lilizungumzwa sana, mwanamke kuketi ndani ya chombo pwani mchana kweupe na chuma mapajani. Lakini alikuwa mtoto wa mkalafati, amekulia baina ya vyombo, na babake, aliyevuka kila siku kuja kufanya kazi diko letu, hakusema neno. Chuma chenyewe kilikuwa kipande cha nanga kuukuu alichokuja nacho kutoka kwao. Nakumbuka nikipita asubuhi na kusikia ile sauti: kugonga mara moja, mapigo, kugonga mara mbili. Walikuwa wakienda hivyo saa nzima pasi na mmoja wao kufungua kinywa. Wenzangu wa zahanati walisema wale wawili hawazungumzi. Mimi nilisikia mazungumzo tele.

Mwanzoni kabisa Fundi hakuwa na ribiti za kutosha. Lakini alikuwa na kopo la misumari ya shaba aliyoing'oa zamani katika mashua ya Mzungu mmoja iliyovunjika mwambani. Aliithamini kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Katika mbao shaba haina mfano, haioti kutu, hudumu kuliko mwenye chombo. Akaitoa, akaitumia kuzibia Sufuria, safu nzima kando ya mkuku, uti wa chini wa chombo. Aliifanya kazi ile kwa uangalifu wa mtu anayetoa nguo yake ya harusi kumfungia mtoto kidonda.

Msimu mmoja haukwisha, Sufuria ikaanza kuvuja zaidi kuliko mwanzo. Fundi akapanda meli kwenda Unguja kutafuta ribiti. Ribiti hakupata. Alichopata ni maneno ya mafundi wa huko, waliomwambia kwamba chokaa na aluminiamu havipatani, chokaa mbichi huila. Akarudi na maneno hayo, mikono mitupu.

Niliwapo diko siku aliyorudi. Alishuka kutoka bandarini moja kwa moja, kifurushi begani. Sufuria ilikuwa juu ya magogo, nyeupe chini nzima kama ngalawa mpya. Bi Mize alikuwa ameipaka shahamu, ule mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa ambao wazee wetu wamepaka vyombo vyao miaka na miaka. Shahamu hiyo ilitoka katika chungu cha babake. Alikuwa bado ana weupe mikononi, na alimjia mumewe akitabasamu.

Fundi aliangusha kifurushi. Akaparua shahamu kwa ukucha, akaona tundu, akaparua kwengine, akaona jengine.

"Umeila!" alipiga kelele. "Umeila mashua ya watu kwa chokaa ya babako!"

"Punguza sauti, Fundi. Ngoja nikwambie."

"Uniambie nini? Nani alikutuma uitie mkono? Weye na babako mmezoea kupaka magogo. Mnapaka kila kitu! Nenda kwenu, kapake huko!"

Nyundo za diko zilinyamaza moja baada ya moja. Hiyo ndiyo ishara niliyoitambua mwanzo kwamba jambo kubwa limetokea, kwa sababu sikuwa nimepata kulisikia diko lile kimya wakati wa mchana.  Bi Mize alijifuta mikono kwa kanga, akaingia ndani ya Sufuria, akatoka na kile chuma chake, akaenda kwenye mtumbwi wa babake akaketi. Mzee alikusanya zana zake taratibu, akafunika chungu cha shahamu, akamfuata mwanawe. Hawakurudi tena, si yeye wala mzee.

*

Baada ya hapo mtu wa ndani nilikuwa mimi, kwa kukosekana mwengine. Kwanza alijaribu peke yake. Alikita mti ndani ya chombo, akaubana kwa kabari, akawa akitoka nje kupiga, akiingia ndani kutazama, akitoka tena. Ribiti zilipinda. Nilipomwona nilivua viatu nikaingia bila ya kuombwa. Alinipa kichwa cha shoka kuwa chuma cha kukingia. Nikagonga mara moja. Kwa nje hapakusikika kitu kwa muda mrefu, nikadhani ameondoka. Kisha mapigo yakaja.

Tuliiparua shahamu yote. Tukaiosha kwa maji ya mvua. Lakini Sufuria iliendelea kutoboka, na nikiwa ndani niliona kwamba haitoboki ovyo. Palipokuwa na ribiti za aluminiamu palikuwa pazima. Matundu yalikuwa kando ya misumari ya shaba tu, na kila msumari ulikuwa umezungukwa na unga mweupe, laini kama poda. Nilimwambia. Aliingia akatazama, akatoka.

Wiki nyingi zikapita. Siku moja akaniita kibandani, akapiga magoti, akavuta kutoka uvunguni sufuria mbili ndogo zilizojaa maji ya bahari.

"Tazama mwenyewe."

Moja alikuwa ameipaka shahamu ndani. Aliikwangua kidogo kwa kijiti. Chini yake bamba lilikuwa limechubuka na kufifia, lakini lilikuwa zima. Chokaa haikukosa lawama kabisa, na napenda kulisema hilo kwa uadilifu. Ya pili alikuwa ameipigilia msumari wa shaba kwenye kitako. Pembeni mwa msumari unga mweupe ulikuwa umefura, na sakafu chini yake ilikuwa imelowa.

"Ipi ya Bi Mize?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Hii isiyovuja."

 Muuza kahawa alipita nje akigonganisha vikombe vyake, akaenda zake.

"Utakwenda kumwambia?"

"Ntakwenda."

"Lini, Fundi?"

"Ikikauka," alisema. "Siwezi kwenda kwa mzee yule, fundi mwenzangu, nikamwambia shahamu yake haina kosa, na mashua nnayokuja nayo bado inavuja. Sharti ikauke kwanza. Niifunge pale pwani kwao, atie mkono chini, autoe mkavu. Hapo ntasema."

Aling'oa misumari yote ya shaba. Tulipiga ribiti alizozikata katika mikono ya sufuria, safu nzima upya. Kuvuja kukapungua mpaka kukawa si chochote, kikombe kimoja cha maji kwa safari. Kila asubuhi aliweka kitambaa kikavu chini ya mbao karibu na mkuku, na kila jioni alikitoa na kukiweka shavuni. Kila jioni kilikuwa na ubaridi. Karani wa ofisi alipolalamika kuhusu unyevu, nilimsikia Fundi akimweleza kwa upole kwamba chombo cha ribiti hakikauki kama bakuli, unyevu kidogo ndiyo hali yake, na asiyeutaka asipande. Lakini nilipomwuliza tena kuhusu Makoongwe, jawabu lilikuwa lile lile. "Bado. Ngoja ikauke."

Sikujua kama alikuwa akijidanganya au akijihukumu. Hata sasa sijui.

Huko Makoongwe Bi Mize alimleta babake pwani nimtie dawa ya macho. Mzee alikuwa akipoteza uwezo wa kuona. Nilipokuwa nikimhudumia, Bi Mize alisimama ameipa mashua mgongo. Fundi alikuwa hatua chache nyuma yake, ameinama, upo ukikwangua bamba. Siku moja Bi Mize aliniuliza kwa sauti ya chini, "Bado inavuja?"

"Kidogo, Bi Mize."

"Kidogo wapi?"

"Penye kiungo, karibu na mkuku."

Alitikisa kichwa polepole, kama fundi anayesikia alichokitarajia. Tuliporudi nilimweleza Fundi.

"Aliuliza wapi?"

"Ndiyo. Aliuliza wapi."

Siku ile hakufanya kazi tena. Aliketi juu ya gogo, nyundo baina ya miguu, mpaka nahodha akaja kumwuliza maji.

*

Baadaye nilihamishiwa Wingwi, kaskazini. Kwa njia za wakati ule Wingwi na Mkoani ni kama nchi mbili. Nilisikia kwamba babake Bi Mize amefariki. Nikasikia Sufuria imepandishwa pwani moja kwa moja, zahanati imepata mashua ya mbao yenye mashine ndani. Kazi iliponirudisha Mkoani, miaka kadhaa ilikuwa imepita, na mambo ya siasa yalikuwa yamelikata diko vipande viwili. Wakalafati wengi walikuwa wamehamia diko jengine, na wa huku na wa huko hawakutembeleana. Nahodha alikuwa amehamia Unguja. Palipokuwa na nyundo sasa palikuwa na wachukuzi waliotoka kwengine, wakibeba magunia ya karafuu.

Sufuria ilikuwa imefunikwa kifudifudi kando ya kibanda, kuku wamelala kivulini mwake. Fundi alikuwa ameketi juu yake.

"Hodi, Fundi."

"Karibu yakhe. Umenenepa. Wingwi mnakula nini?"

"Muhogo."

"Basi muhogo wa huko una mafuta." Akaipiga Sufuria kofi. "Imekauka. Unaona? Hata tone."

 Akaendelea mwenyewe, bila ya kunitazama.

"Nilikwenda. Ilipopandishwa tu, nilikwenda. Mzee nilimkuta keshazikwa. Nikaingia, nikakaa, nikamwambia mwenyewe Mize, misumari ilikuwa yangu, kosa langu."

"Akasema nini?"

"Akasema anajua." Alijipapasa magoti. "Akanambia, Fundi, si mie niliyekuwa nikikaa ndani na chuma? Ule unga niliuona kabla yako. Nilipaka shahamu maji yasizidi mpaka urudi, nikwambie chumbani, wenzio wasijue. Ndivyo alivyonambia."

"Kisha?"

"Kisha akanipa chai. Nilipomaliza akanambia, yale maneno uliyasema diko zima likisikia, na babangu akisikia. Haya unanambia mie peke yangu, na mlango umeurudishia. Yapeleke ulikoyatoa." Akaonyesha pwani kwa kidevu. "Diko lipi, yakhe? Nimesimama hapa mara ngapi. Waliosikia hawapo. Nimwambie nani? Hawa wataona nimerukwa na akili."

Mchukuzi mmoja alipita na gunia, akatusalimia kwa jicho tu. Fundi alimtazama mpaka akafika kwenye mzani wa karafuu. Kisha akanigeukia.

"Weye ulikuwapo," alisema.

"Nilikuwapo."

Akaingia kibandani, akatoka amevaa kanzu na kofia ya Ijumaa, na haikuwa Ijumaa. Akaenda akasimama pale pale yalipokuwa magogo ya mnazi. Nikamfuata. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikakwaruza.

"Enyi watu! Mke wangu hakuharibu chombo. Shahamu ya babake haikuharibu chombo. Nilikiharibu mie, kwa misumari yangu ya shaba, nikamtia aibu yeye na mzee wake mahala hapa. Anayesikia na asikie!"

Wachukuzi walisimama. "Mzee anauza nini?" mmoja aliuliza. Mwenziwe alimtia kiwiko. Kwa adabu mkubwa wao akasema, "Tumesikia, mzee," akalipandisha gunia lake begani. Basi. Kuku wa chini ya Sufuria walikuwa wametoka kutazama, nao wakarudi.

Fundi alinigeukia. "Nenda weye," aliniambia. "Kamwambie ulikuwapo."

Nikapata mtumbwi wa kunivusha. Bi Mize alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka, nywele zake zimeingia mvi. Nilimweleza kila neno, pamoja na kauli ya yule mchukuzi, kwa sababu nilihisi hana haja ya kitu kilichopambwa.

"Alimtaja babangu?"

"Alimtaja."

"Kwa sauti?"

"Mpaka kwenye mzani walisikia."

Alisuka mpaka akafika mwisho wa ukili alioushika. Kisha akaingia ndani, akatoka na kile kipande cha nanga alichokuwa akikingia ribiti. Hakikuwa na kutu, kilikuwa kimepakwa mafuta. Akakiweka barazani baina yetu.

"Lete nimpelekee," nilisema, nikanyoosha mkono.

"Kiache," alisema. "Mwenyewe aje akichukue."

Niliporudi Fundi alikuwa bado amevaa kanzu, amesimama pale pale. Alinitazama mikono kwanza, akaona mitupu.

"Hakukupa kitu?"

"Alikitoa chuma. Alikataa nisikilete. Amesema uende ukichukue mwenyewe."

Akashusha pumzi. Kisha kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliinua uso akaitazama bahari, kule kwenye minazi ya Makoongwe, akaitazama kwa muda mrefu kama mgeni aliyeshuka melini.

"Yakhe," aliniuliza, "maji yanajaa saa ngapi?"